Presha Iliyopimwa Mlangoni

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya kutoka kanisani

Kwa dada yangu Mghoi,

Pokea salamu zangu wewe na mama na wote mlio hapo nyumbani. Goti lako lililovimba wakati wa kupalilia limepoa? Na baridi ya huko mlimani, mmeanza kufunga madirisha mapema au bado? Huku joto ni lile lile. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimekaa na kalamu badala ya kupiga simu.

Juzi Ijumaa nilikutumia ujumbe mfupi: "Mama asiinuke peke yake mpaka nikuandikie." Ukanijibu kwa swali, "Kwa nini?" Kisha ukapiga simu, nami nikakwambia ni tahadhari tu. Nilisema uongo, dada. Nilisikia umeiweka simu kwenye sauti kubwa, mama yuko hapo jikoni anakohoa kwa moshi, nami sikuweza kutamka. Sasa nalijibu swali lako. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi unampeleka mama zahanati na lile daftari la presha ulilolijaza kama nilivyokufundisha, na umesema mtaomba aongezewe tembe ya tatu. Msiombe kabla hujasoma haya.

Bi Zuhura ameanguka. Zimepita wiki mbili na siku sita. Sikukwambia, kwa sababu nilikuwa sijajua bado kwamba kuanguka kwake kunatuhusu sisi pia.

Unamjua kwa maneno yangu tu, kwa hiyo nikukumbushe. Ana miaka themanini na miwili, na mimi namtunza huu mwaka wa tatu, katika nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi nyembamba. Aliyeniajiri ni mwanawe, Bwana Salim, anayefanya kazi Maskati. Baba yake alikuwa karani huko Mbaraki. Alianguka kazini kwa kiharusi, akarudishwa nyumbani hawezi kusema, na hakusema tena mpaka alipofariki. Salim alikuwa kidato cha pili, akaja kuitwa atoke darasani. Nakueleza hili usije ukamlaumu peke yake. Mtu aliyeitwa darasani kwa sababu ya presha haioni presha kama mimi na wewe tunavyoiona.

Kazi yangu nilikuwa naifanya hivi. Kila siku saa mbili kamili asubuhi, Bi Zuhura akishakunywa chai, hukaa kwenye kitanda kirefu cha kamba kilicho ndani tu ya mlango wa mbele, mahali penye mwanga. Namfunga mkanda wa mashine mkono wa kushoto. Nabonyeza. Naandika katika shajara yangu tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo, na chini yake mstari mmoja wa maelezo: amelalaje, amekula nini, amesema nini. Kisha napiga picha ya ukurasa, namtumia Bwana Salim. Kwa miaka miwili na nusu hakuna siku iliyobaki tupu isipokuwa zile nilizokuja kumzika baba. Daktari wake aliwahi kuniambia, "Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa na mtu kama wewe." Nililiandika neno hilo katika shajara, nikalipigia mstari.

Tatizo lilikuwa namba yenyewe. Haikushuka. Ikawa 158, kesho yake 162, kesho kutwa 157. Bwana Salim akawa anapiga.

"Dada Wakesho, mbona mia hamsini na nane?"

"Ndivyo mashine inavyosema, Bwana Salim."

"Mimi daktari wangu huku hataki hata nivuke mia thelathini. Mwambie daktari wa mama aongeze dawa."

Nikaenda kliniki na daftari langu. Daktari akalitazama, akaona kila siku iko juu, saa ile ile, mkono ule ule, akaongeza. Tembe mbili zikawa tatu. Namba ikashuka kidogo, ikakaa kwenye 150. Bwana Salim akasema bado. Nikarudi, ile ya tatu ikaongezwa nguvu maradufu.

Sasa nakunakilia maelezo ya wiki moja, kama nilivyoyaandika mwenyewe:

Jumatano. 151. Asema kichwa chepesi. Amekula mahamri mawili.
Ijumaa. 149. Ameshika ukuta akienda msalani. Nimemwambia abadilishe kandambili, hizi zateleza.
Jumapili. 153. Amesinzia mchana kutwa. Hataki kushona kofia, asema uzi hauoni.

Umeona, dada? Yote yako hapo kwa mwandiko wangu. Lakini picha nilizokuwa namtumia Bwana Salim nilizikata juu ya mstari wa maelezo, ili namba zionekane kubwa. Daktari naye nilimwonyesha namba. Hakuniuliza maelezo, nami sikumsomea. Nilidhani namba ndiyo ugonjwa, na kizunguzungu ndio uzee.

Akaanguka alfajiri, alipoinuka kwenda kutawadha. Nilisikia birika la kutawadhia likigonga sakafu, nikatoka mbio. Nilimkuta amelala ubavu, mkono wa kulia umepinda chini yake.

"Nimeteleza tu," akasema. "Usimwambie Salim."

"Bibi, mkono umevunjika."

"Mkono wangu, si wako. Usimwambie."

Nilimwambia, bila shaka. Hospitalini wakamfunga plasta. Daktari wa zamu, kijana mwembamba, akampima presha amelala, kisha akasema, "Hebu tumsimamishe." Tukamshika mimi na yeye, huku na huku. Alipokuwa wima akapima tena. Namba ya juu ikawa 96. Bi Zuhura akasema anaona giza, tukamlaza haraka.

Daktari akauliza, "Huyu anakunywa dawa gani?" Nikamtolea tembe zote, na nikamtolea shajara, kwa sababu nilikuwa na hakika itanitetea. Akafunua kurasa nyingi. Mwisho akasema, "Mama huyu wa kwenye daftari na huyu wa kitandani ni watu wawili." Akairudisha ile tembe ya tatu kwenye nguvu yake ya kwanza, akasema atamtuma muuguzi aje nyumbani aone tunavyopima.

Muuguzi aliyekuja anaitwa Kadzo, msichana wa Kilifi, mcheshi, ana sauti ya kuimba kwaya. Alikuja Alhamisi saa mbili kasorobo. Akakaa kwenye kigoda kando ya ngazi, akaniambia, "Nifanyie kama unavyofanya kila siku. Mimi sipo."

Nikafanya. Bi Zuhura akapanda kitandani, miguu inaning'inia kama kawaida. Mlango wazi. Nikafunga mkanda, nikabonyeza, mashine ikaanza kuvuma. Bi Rukia, jirani wa nyumba ya mkabala, akapita na kapu lake.

"Bi Zuhura, umeamkaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Wewe waonaje?"

"Mimi mzima. Mkono je?"

"Wapoa, namshukuru Mungu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, wamekwenda chuoni. Na Salim?"

"Salim mzima, jana alipiga simu, ati nimle samaki gani na nisimle gani, kama kwamba yeye ndiye aliyenizaa!"

Wakacheka wote wawili. Mkanda ulikuwa umekaza. Kabla haujalegea akapita mwalimu wa madrasa, naye akatoa salamu, naye akajibiwa kwa ukamilifu, pamoja na kuulizwa mgongo wa mkewe. Mashine ikalia. 156. Nikaandika.

"Umemaliza?" Kadzo akauliza.

"Nimemaliza."

"Na kila siku huwa hivi?"

"Kila siku. Saa mbili kamili, sijakosa."

Nilisema kwa kujivuna, dada. Bado nasikia sauti yangu.

"Na hawa watu hupita kila siku?"

"Ndiyo saa yao ya kwenda sokoni."

Kadzo akaziba mdomo, akacheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka. "Dada," akasema polepole, "umempima mtu anayeongea. Mtu akiongea, presha hupanda. Miguu ikining'inia hupanda pia. Umeandika maongezi ya mtaa mzima."

Bi Zuhura ndiye aliyejibu.

"Na mtu akiniamkua nisimwitike? Nimekuwa mgomba?"

"Mashine ikishika mkono tu, Bibi. Dakika tano, unyamaze."

"Dakika tano zatosha mtu kukununia mwaka mzima. Watasema Zuhura ameota kiburi uzeeni."

"Basi tufunge mlango."

"Mlango huu haufungwi asubuhi ila kuna maiti ndani."

Kadzo akaufunga hata hivyo. Akamtoa Bi Zuhura kitandani, akamkalisha kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa kifua. Akatutaka tukae kimya dakika tano. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Dakika ya tatu Bi Rukia alikuwa anarudi, akauona mlango.

"Zuhura? Zuhura! Kuna nini humo?"

Bi Zuhura akanitazama kwa macho ya kuomba. Kadzo akaweka kidole mdomoni, akabonyeza mashine.

"Jamani, mbona pamefungwa? Mwalimu, njoo usikize! Wakesho! Kuna usalama?"

Tulisikia viatu vingine vikisimama nje. Bi Zuhura alikuwa amebana midomo mpaka imekunjamana, anatikisika kwa kujizuia. Mashine ilipolia tu, akapiga kelele, "Sijafa! Subirini nivuliwe mkanda!"

Nje wakaangua kicheko. Kadzo akasema hiyo haihesabiki, nusu yake ni hasira. Akawafungulia, akawaeleza, wakaondoka wakinong'ona, nasi tukaanza upya. Mara ya pili palikuwa kimya kweli. 131. Akangoja kidogo, akarudia. 129. Kisha akamsimamisha, akamshika, akapima: 112.

"Hii ni baada ya kupunguziwa," akasema. Mimi mwenyewe nilimalizia moyoni: kabla ya kupunguziwa ilikuwa ngapi, siku zile zote nilipoandika 150 na nikaenda kumwombea dawa zaidi?

Siku ile sikula mchana. Nilikaa na shajara za miaka yote, nikizifunua. Kurasa safi, hakuna kufutwa wala kukwaruzwa. Kama ningekuwa mvivu, dada, mtu anayeruka siku na kuandika ovyo, daktari asingeniamini, na pengine asingeongeza.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari wa kila siku, Bwana Salim akiwa kwenye simu juu ya meza. Nilisema mwenyewe kosa lilipokuwa, mbele ya wote. Daktari akasema na yeye alipaswa kumsimamisha mama akampima, hakufanya. Hapo Bwana Salim akaja juu.

"Daktari, baba yangu aliangushwa na presha ya juu. Mimi nataka mama awe mia ishirini. Sasa mwaniambia mtampunguzia?"

"Bwana Salim, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mmoja."

"Unacheza mpira?"

"Natembea jioni."

"Basi daktari wako anakutafutia namba ya mtu wa hamsini na mmoja anayetembea jioni. Wako wazee wa umri wa mama yako wenye nguvu, hao nawashusha karibu na hapo na hawapati shida. Huyu akisimama anaona giza, ana ngazi, na mfupa umeshavunjika mmoja. Kwake yeye naridhika namba ya juu ikikaa chini ya mia arobaini, akiwa amekaa kimya, mradi akisimama abaki amesimama. Akizoea vizuri tutajaribu kushuka kidogo, taratibu."

"Na kiharusi je?"

"Ndiyo maana simwachishi. Akiacha dawa namwogopea kiharusi. Akizidishiwa namwogopea sakafu. Nami siwezi kukuahidi kwamba yote mawili hayatakuja."

Bi Zuhura akasema, "Nyinyi mwagombania namba, na anayeanguka ni mimi. Kwanza mwaniuliza?" Daktari akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nataka kutawadha mwenyewe. Nisishikwe kama mtoto." Daktari akaandika hilo katika faili, nami nikaliandika kwangu.

Usiku ule nilimtumia Bwana Salim picha za kurasa za miezi miwili, bila kukata mstari wa maelezo. Nikaona amezisoma. Siku ya tatu akaandika, "Kwa nini hukunitumia maneno yake tangu mwanzo?" Nikamwandikia kwamba nilidhani anachotaka ni namba. Akanijibu kwamba atakuja mwisho wa mwezi, na ataangalia kama mama anahitaji mtu aliyesomea uuguzi. Hakutukana. Sijui kama nitabaki hapa, dada. Bi Zuhura ananiambia, "Aje, nitasema naye," lakini mara nyingine akiinuka namwona anautazama mkono wangu kwanza kabla ya kuushika, na sijui anafikiri nini.

Sasa tufike kwetu.

Krismasi niliwaletea mashine, nikakufundisha. Nimetafuta siku hiyo katika shajara, na nimekuta maneno yangu haya: "Nimemwonyesha Dada. Amkalishe mama barazani, amzungumzishe ili asiogope mashine." Amzungumzishe! Ni mimi niliyekwambia. Na wewe, ambaye ukiambiwa jambo hulifanya bila kupunguza, umekuwa ukimpima saa ile majirani wanapokuja kuchukua maziwa, ukimwuliza habari za kanisani na nani ameolewa, ukaniandikia 168, 172, 174. Zahanati wakaliona daftari, wakampa tembe ya pili mwezi uliopita. Wiki tatu sasa unaniambia mama anashika mwimo wa mlango akitoka jikoni, na kwamba mara moja alikaa chini ghafla njiani kutoka kisimani. Ukasema ni uzee. Mimi nikasema ndiyo, ni uzee.

Nakuomba ufanye hivi kuanzia Jumanne, barua hii ikishakufikia, asubuhi kabla hajanywa dawa. Mwache akojoe kwanza. Mtoe barazani, mweke chumbani kwenye kile kiti cha baba chenye egemeo, nyayo zikanyage sakafu, mkono juu ya meza. Wote nyamazeni dakika tano, hata akija mtu wa maziwa. Mpime, ngoja kidogo, rudia, andika zote mbili katika daftari jipya. Kisha msimamishe ukiwa umemshika, ngoja dakika moja, mpime amesimama, andika hiyo peke yake na uandike alivyojisikia. Akiona giza mkalishe, usimalize kupima. Fanya hivyo Jumanne jioni pia, na Jumatano.

Tembe usimwachishe hata moja kwa shauri langu. Mimi si daktari, na tumeona nikijifanya ninajua inakuwaje. Ikiwa namba ya kusimama iko chini sana, au akianguka, usingoje Alhamisi, mpeleke siku hiyo hiyo. Alhamisi wape madaftari yote mawili, la zamani na hili jipya, na barua hii ukipenda, uwaambie la zamani lilijazwa mama akiongea. Waombe nao wampime amesimama. Kisha mwulize mhudumu swali moja: kwa mama huyu wa miaka sabini na minane, anayeteremka kisimani na kupanda, unataka namba ipi? Akikwambia, iandike.

Inawezekana, dada, kwamba mtampima kimya na namba ikawa juu kweli, na hiyo tembe ya tatu akaihitaji. Hilo nalo linanisumbua, kwamba nitawatia hofu ya dawa, mama akaacha, yakatupata ya karani wa Mbaraki. Naogopa juu na naogopa chini. Ninachojua ni kwamba tangu Krismasi hatujui kitu, na tulidhani tunajua.

Barua hii nampa kesho asubuhi kondakta wa basi la kwetu pale Mwembe Tayari. Nimeshamwambia aiache dukani kwa shemeji. Jumatano jioni nitapiga simu, unisomee namba zote, na maelezo.

Nisalimie shemeji wa dukani na umshukuru kwa kupokea barua. Nisalimie mama mdogo, yule mwenye kuku wengi, na binti wa marehemu kaka aliyeanza kazi ya cherehani, mwambie nimesikia na nimefurahi. Mchungaji naye, umwombe atukumbuke bila kumweleza mengi.

Bado mama mwenyewe. Mwezi uliopita namba zilipokataa kushuka, nilikwambia kwenye simu kwamba lazima anakula chumvi kwa siri. Ukachukua kopo lake la chumvi ukalificha. Akaiomba simu, akaniambia, "Wakesho, mimi sijaonja chumvi tangu mlipokataza. Hata uji nakunywa hivi hivi." Nami nikamjibu, "Mama, mashine inaona." Akakurudishia simu, na tangu siku ile nikipiga huniuliza hali ya hewa tu.

Sitaki kumwomba radhi kwa simu huku majirani wakisubiri maziwa. Ukimaliza kusoma hapa, nenda ukae karibu naye, umwambie mimi na wewe tulimwita mwongo katika nyumba yake mwenyewe, na alikuwa anasema kweli. Mwambie leo, kabla ya kumfunga mkanda.

Mdogo wako,
Wakesho